Aliyezoea Dawa Si Wewe

Hotuba ya mfamasia wa kaunti ndogo kwa wakazi, wafugaji na wahudumu wa afya ya jamii, iliyotolewa katika kikao cha hadhara kwenye uwanja wa ofisi ya chifu. Kikao kilifanyika katika Wiki ya Kuhamasisha kuhusu Usugu wa Dawa, ambayo huadhimishwa duniani kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba. Tunaichapisha pamoja na swali moja kati ya yaliyoulizwa.

 

Nitaanza na maneno ambayo huyasikia dirishani pangu karibu kila siku. Mtu anakuja na karatasi yake, anaingiza kichwa dirishani na kuniambia kwa sauti ya chini: "Daktari, hii usinipe. Mwili wangu umeshaizoea. Nipe ile ya nguvu." Nikimuuliza ameizoea vipi, ananieleza kwamba amekuwa akiimeza kila anapokohoa tangu akiwa darasa la sita.

Huyo mtu hajakosea kabisa. Kuna kitu kimezoea. Ila si mwili wake, na nimekuja hapa leo kwa sababu ya kosa hilo moja tu, maana linatugharimu sana.

Kiingereza kina neno moja ambalo daktari, mkulima na fundi wa stima wote hulitumia, kila mmoja kwa maana yake. Kiswahili kimetugawia maneno kadhaa: usugu, ukinzani, kinga, ustahimilivu. Unaposikia lolote kati ya hayo, jiulize: ni nani anayekataa, na anakataa nini? Ukijua hilo, utajua kama ni habari njema au mbaya.

Fundi wa stima tummalize haraka. Yeye akisema ukinzani, anazungumzia waya unaoukatalia umeme kupita kwa urahisi. Ndiyo maana koili ya jiko la stima huwa nyekundu na chai ikachemka. Hapo hakuna mgonjwa.

Kwa mkulima, kukataa ni baraka. Mnakumbuka ule ugonjwa uliokausha mahindi kuanzia Bomet mwaka 2011, mmea unaanza kuwa manjano kutoka katikati na gunzi linabaki tupu. Ulikuwa unatokana na virusi viwili vinavyokutana kwenye mmea mmoja. Watafiti wa KALRO na wenzao wa CIMMYT walifungua shamba la majaribio Naivasha, wakawa wanapanda mbegu za kila aina na kuziambukiza ugonjwa makusudi, ili waone zipi zitabaki zimesimama. Zilizosimama ndizo zilizozalisha mbegu tunazoambiwa leo kwamba zinastahimili. Anayekataa ni mhindi, anachokataa ni ugonjwa. Hewala.

Mwili wa binadamu nao unajua kukataa. Kuna daktari aliyeitwa Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya. Katika miaka ya 1949 na 1953 alizunguka nchi hii akipima damu za watu. Akaona kwamba watu wenye chembe ya selimundu waliyoirithi kwa mzazi mmoja ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Yaani walikuwa wengi mahali palipo na mbu wa malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye kurithi kwa mzazi mmoja hupata ahueni dhidi ya malaria kali, ingawa mtoto anayerithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wenyewe, nao ni mateso, kama familia nyingi hapa zinavyojua. Hiyo ni kinga. Anayekataa ni mwili, anachokataa ni kimelea.

Halafu kuna mahali ambapo mwili unakataa kitu chake wenyewe. Katika ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, ule unaowapata watu wazima zaidi, insulini inabisha hodi kwenye seli za misuli na ini, lakini mlango haufunguliwi vizuri. Sukari inabaki nje, kwenye damu. Madaktari wanauita ukinzani wa insulini. Hapo ni kweli, mwili ndio unaokataa. Habari nzuri ni kwamba misuli inayofanya kazi hufungua mlango kwa urahisi zaidi, ndiyo sababu daktari hakuachii tembe peke yake bila kukuambia utembee kwa miguu.

Na mwili unajua pia kuzoea. Mnywaji anayehitaji chupa sita kufika pale mwenzake anapofika kwa mbili, huyo mwili wake umezoea. Mgonjwa anayepewa mofini kwa maumivu makali kwa muda mrefu anaweza kuhitaji kuongezewa. Kwa hiyo watu wanaposema mwili umezoea, wanasema jambo ambalo wameliona kwa macho. Wanalihamishia tu mahali lisipokuwa.

Sasa tuje kwenye usugu wenyewe.

Wazee wanajua sugu ni nini. Shika jembe msimu mzima, kiganja kinaota sugu. Wenzetu wanaosujudu mara nyingi huwa nayo kwenye paji la uso. Ni ngozi ile ile, imesuguliwa mpaka ikakomaa. Ni neno zuri, lakini linaweza kutupoteza, kwa sababu tunafikiri vidudu navyo vimesuguliwa na dawa vikakomaa, au mwili wetu umesuguliwa ukakomaa. Sivyo inavyokwenda.

Wafugaji wataniunga mkono hapa. Tuseme una ng'ombe watatu. Karatasi ya dawa ya kupe inasema weka kiasi fulani kwa maji lita 20. Dawa imepanda bei, unaweka nusu. Tuseme mgongoni kuna kupe mia moja. Tisini na watano wanakufa, unafurahi. Wale watano waliobaki hawakujifunza chochote. Walizaliwa hivyo, na umbile ambalo dawa ile haiwezi kulipenya kwa urahisi. Ulichofanya wewe ni kuwaondolea majirani. Kupe jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Msimu ujao ng'ombe wako ana kupe mia moja tena, lakini hawa ni wa ukoo wa wale watano. Hapo unarudi kwa mwenye agroveti unamwambia amekuuzia dawa feki.

Ng'ombe hajazoea dawa. Ng'ombe ni yule yule. Kupe ndio waliobadilika, tena hawakubadilika mmoja mmoja: waliondoka hawa wakaja wale.

Ndivyo ilivyo kwa bakteria, ila wao wana haraka. Kupe huchukua miezi. Bakteria wa tumbo, akipata chakula na joto, anaweza kugawanyika kuwa wawili kila dakika 20. Fanya hesabu: mmoja wa saa mbili asubuhi, asipozuiwa, amekuwa zaidi ya milioni 16 ikifika saa kumi jioni. Na wana tabia nyingine ambayo kupe hawana. Mmoja anaweza kumpa jirani yake, hata asiye wa ukoo wake, kipande cha maelekezo ya jinsi ya kuikwepa dawa. Ndiyo maana antibiotiki uliyomeza kwa ajili ya mafua, ambayo huletwa na virusi na hayasikii antibiotiki hata kidogo, haikupiti tu bure. Inapita tumboni kwako mnamoishi bakteria wengi wasio na hatia, inaua wanyonge, inabakiza wakaidi, na wakaidi wanaanza kupeana siri.

Mtu akitaka ushahidi kwamba si mwili unaozoea, nampeleka wodi ya watoto wachanga. Mtoto ana siku tatu. Hajawahi kumeza tembe, hajawahi kudungwa sindano ya antibiotiki. Anapata homa, hanyonyi, damu inapelekwa maabara. Majibu yanarudi kwamba vidudu vilivyomo havisikii dawa ya kwanza, wala ya pili. Huyo mwili wake ulizoea lini? Amepokea vidudu ambavyo vilifunzwa, kama mnaniruhusu neno hilo, kwenye tumbo la mtu mwingine, au kitanda kingine, au zizi la mtu. Mama yake huenda naye hakukosea chochote.

Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani waliuawa moja kwa moja na bakteria walioshindikana kwa dawa. Ni wengi kuliko waliouawa na malaria mwaka huo.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini London mwaka 1928, alionya mapema kabisa. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo, anajinunulia penisilini, anameza kidogo isiyotosha kuua vidudu. Kisha anamwambukiza mke wake. Mke anashikwa na nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anafariki. Angalieni ni nani aliyekufa katika mfano ule. Si yule aliyemeza nusu dozi.

Nina sababu ya kuukumbuka mfano huo. Kabla sijaajiriwa na kaunti, nilifanya kazi miaka miwili kwenye duka la dawa la mtu binafsi mjini. Mteja anakuja na shilingi 40, anataka "rangi mbili" nne. Sheria inataka antibiotiki iuzwe kwa karatasi ya daktari, nami nilijua, maana nilifanyiwa mtihani wa hilo. Lakini mwenye duka alitufunza kwamba mteja asirudi mikono mitupu, nami nilikuwa na kodi ya nyumba. Nilichukua makasi nikakata pakiti. Nne kwa huyu, sita kwa yule, mbili kwa mama anayetaka kumfungulia mtoto na kumwagia unga kwenye kidonda. Sikumbuki hata mmoja aliyerudi kulalamika. Waliokuwa na mafua walipona, kwa sababu mafua hupona yenyewe, wakaenda kuwaambia wengine kwamba dawa yangu ni nzuri. Kama kuna mtoto mchanga fulani aliyelipia zile pakiti nilizokata, sitamjua kamwe. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Bili haiendi kwa aliyekula.

Nisiwatwike wananchi mzigo wote. Mtu akitembea kilomita nane hadi zahanati akaambiwa dawa zimeisha, anakwenda dukani na pesa alizo nazo, na pesa alizo nazo zinatosha tembe nne. Hilo ni deni letu sisi wa serikali. Tena kuna wenzangu wanaoandika antibiotiki kwa kila kikohozi kwa sababu mgonjwa atanung'unika akitoka bila kitu. Ukipewa maji, asali na maelezo, usimwone daktari huyo kuwa mvivu.

Kwa malaria sisi tumeuona mchezo huu wote kwa macho yetu. Walio na umri kama wangu wanakumbuka klorokwini: uchungu wake, na ule mwasho wa mwili mzima usiku. Ilikuwa dawa ya bei rahisi na ilituokoa miaka mingi. Vimelea vikaishinda. Mwaka 1998 Kenya ikahamia SP, ile wengi waliijua kama Fansidar. Haikudumu. Mwaka 2004 ikaamuliwa tuhamie AL, na kufikia 2006 ikawa inatolewa vituoni. SP siku hizi wanapewa akina mama wajawazito wa maeneo yenye malaria nyingi, ili kuzuia.

AL ni dawa mbili ndani ya tembe moja, na hilo lilifanywa kwa makusudi: kimelea kinachoponyoka moja kinashikwa na nyingine. Dozi ni mara sita kwa siku tatu, na humezwa baada ya chakula, ikiwezekana chenye mafuta kidogo au maziwa. Homa mara nyingi hushuka siku ya kwanza au ya pili. Zile tembe za siku ya tatu ndizo ninazozikuta kwenye mifuko ya makoti na juu ya kabati, zimewekewa mtoto atakayeugua mwezi ujao. Mama anafanya hivyo kwa kuweka akiba, kama anavyoweka unga. Lakini akiba hiyo haitamtosha yule mtoto, na aliyeziacha hajapona sawasawa.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mwaka 2020 watafiti walithibitisha kwamba Rwanda kuna vimelea vilivyoanza kuikwepa dawa moja kati ya hizo mbili, na mwaka 2021 wakathibitisha vivyo hivyo kaskazini mwa Uganda. Uganda si mbali, nyote mnajua malori na bodaboda zinazovuka kila siku. Msitishike: AL bado inatibu. Lakini mkono mmoja ukichoka, mwingine unabeba peke yake.

Jambo moja ambalo watu hawalitarajii: usugu unaweza kurudi nyuma. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, mapema kuliko sisi. Baada ya miaka kadhaa watafiti mjini Blantyre wakaijaribu tena. Kati ya watoto 80 waliopewa klorokwini, ilishindwa kwa mmoja tu. Vimelea vile vikaidi, dawa ilipoondoka, vilikosa faida ya ukaidi wao na vile vya kawaida vikavishinda. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, na nchi nzima kuacha, si mtu mmoja. Siahidi kwamba itakuwa hivyo kwa kila dawa. Kwa bakteria wengi hatujaona bahati kama hiyo.

Kifua kikuu nitakigusa kidogo, ingawa kinastahili siku yake. Tiba ya kawaida ni miezi sita, bila malipo katika vituo vya serikali. Baada ya miezi miwili mtu ananenepa, kikohozi kinakwisha, anarudi kwenye kazi yake ya mjengo na kusahau kliniki. Vikirudi, vinaweza kurudi vikiwa havisikii zile dawa mbili kubwa, rifampisini na isoniazidi. Na akikohoa ndani ya matatu iliyofungwa madirisha, anakupa TB hiyo hiyo sugu, wewe ambaye hujawahi kumeza hata tembe moja ya TB. Wahudumu wa afya ya jamii, mkimkosa mgonjwa kliniki wiki hii, msisubiri wiki ijayo.

Wengine mtaniuliza, maana nimeona mkisambaziana kwenye simu, kwamba siku hizi wataalamu wanasema si lazima kumaliza dozi. Kuna ukweli ndani yake. Kwa magonjwa kadhaa utafiti umeonyesha siku tano zinatosha mahali tulipokuwa tukitoa kumi, nasi tumepunguza. Lakini siku hizo hupunguzwa na daktari kwenye karatasi, si nawe ukitegemea jinsi ulivyoamka. Na kwa TB hakuna mjadala.

Wafugaji, maneno mawili kwenu kisha nikae. Dawa ya kupe ichanganywe kama karatasi inavyosema, na ikishindwa mwite afisa wa mifugo abadilishe aina, msiongeze nguvu kwa kubahatisha. Na ng'ombe akitiwa dawa ya ugonjwa wa kiwele, yale maziwa ya siku zilizoandikwa kwenye dawa yasiende kwa jirani wala kwenye chai ya hoteli. Najua ni hasara. Ndama naye asipewe, maana tumbo la ndama lina bakteria kama langu. Kuku nao wana haki yao: antibiotiki si chakula cha kuwafanya wakue haraka.

Kinachobaki ni kutougua. Chanjo ya nimonia ambayo watoto wetu wameipata tangu 2011 imeokoa pakiti nyingi za antibiotiki ambazo hazikuhitaji kufunguliwa. Mikono, choo, maji safi. Mnayajua hayo.

Swali kutoka kwa mama mmoja: Daktari, mimi nameza dawa ya presha mwaka wa sita sasa. Mwanzo ilishuka, siku hizi inapanda. Jirani ameniambia mwili umezoea, niache kwa muda ili upumzike. Nifanye nini?

Jibu: Mama, asante. Presha haina vidudu, kwa hiyo hakuna wa kuwa sugu humo ndani, na mwili hauhitaji kupumzishwa. Ukiacha, presha itapanda wala haitakupigia hodi, na inaweza kukuletea kiharusi. Inapopanda kwa mtu anayemeza dawa, huwa natafuta mambo ya kawaida kwanza: zile siku ambazo dawa iliisha na hakuja kuchukua nyingine, chumvi, uzito ulioongezeka. Tena nauliza kuhusu dawa za maumivu. Unaumwa magoti? Unameza nini? Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kila duka, hupandisha presha, na watu hawatuambii kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa. Pia inawezekana ugonjwa umesonga na unahitaji tembe ya pili. Usiku wa leo meza yako kama kawaida. Kesho asubuhi njoo zahanati, na uje na kila unachomeza kwenye mfuko, hata zile za mitishamba.